Rula Aliyoichagua Mzee Byamungu

Wasikilizaji wapendwa, kama redio iko jikoni, isogezeni karibu kidogo, na anayetwanga apumzike. Leo tunamkumbuka mtu mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Jina lake Byamungu. Mzee Byamungu wa kijiji cha New Congo, rubani. Ndiyo, mmesikia vizuri. Rubani.

Wengi wenu mlimjua kama yule mzee mrefu wa miwani mizito, aliyefundisha vijana hesabu za ndege kila Jumamosi katika chumba cha nyuma cha kanisa. Na mlimcheka, msikatae. Kambi yenyewe baiskeli hazitoshi, yeye anafundisha urubani! Mzee Byamungu alifariki Jumanne iliyopita, hapa Mbarara, akiwa na miaka sitini na tisa. Presha ilimpanda, akalazwa siku nne, akatutoka. Alizikwa Nakivale siku ya Alhamisi, mvua ikinyesha.

Tutasimulia maisha yake kama binti yake, Adélaïde, alivyoyasimulia hapa studioni. Si yote matamu. Adélaïde mwenyewe alisimama mara mbili, akaomba maji.

Byamungu alizaliwa Kabare, Kivu ya Kusini. Alisomea urubani Kinshasa, akarudi nyumbani, akarusha ndege ndogo za mizigo kwa zaidi ya miaka ishirini. Bukavu kwenda Shabunda. Bukavu kwenda Kamituga. Unga na chumvi wakati wa kwenda, magunia ya madini wakati wa kurudi. Kuku, magodoro, na mama mjamzito anayewahi upasuaji, wote katika ndege moja. Huko msituni hakukuwa na mnara wa kuzungumza naye, wala skrini ya kumwonyesha njia. Alikuwa na ramani, penseli, rula na sahani.

Hiyo sahani tuielewe mapema. Ni duara mbili za bati jepesi, moja juu ya nyingine, zenye namba kuzunguka ukingo. Unazungusha ile ya juu, unasoma: maili ngapi, dakika ngapi, mafuta kiasi gani. Upande wa pili kuna kidirisha cha plastiki. Unatia nukta ya penseli, nukta hiyo ndiyo upepo, na sahani inakuambia upepo utakusukuma kiasi gani kutoka kwenye njia yako. Haina betri. Haina waya. Na marubani wanaiita kompyuta.

Adélaïde anakumbuka utotoni. "Papa alikuwa anazungusha ile kitu na kidole gumba, mukono ingine iko inashika ndege. Hata mu nyumba hakuachaka. Mama anamuwekea bugali, yeye anazungusha sahani ya bugali. Mama anamuuliza, 'Byamungu, tunafika saa ngapi?'"

Mama huyo, Chantal, alifariki kabla ya vita kuwafukuza. Mwaka 2013 Byamungu aliingia Uganda na Adélaïde, na begi moja. Sahani ilibaki Bukavu. Rula ilibaki. Vyeti viliungua. Nakivale alipewa kiwanja, akalima mahindi na maharage kama kila mtu, na ndege ikipita juu alisimama na jembe lake akasikiliza mpaka mlio uishe.

Alisikiliza. Hakutazama. Watu hawakutambua tofauti hiyo.

Macho ya Byamungu yalikuwa yanakufa. Mwaka 2019 daktari mmoja hapa Mbarara alimwambia ni presha ya macho, na kwamba kilichopotea hakirudi. Byamungu alishukuru, akavaa kofia yake, akapanda gari la kurudi kambini. Hakumwambia mtu. Alijua njia zote kwa miguu, alijua watu kwa sauti, na darasani alifundisha kwa kichwa, maana hesabu zote alikuwa nazo kichwani. Aliogopa kitu kimoja tu, kwamba watu wakijua, hakuna mzazi atakayempelekea mtoto wake tena. Hofu hiyo aliificha vizuri sana, wasikilizaji wapendwa, na ilimgharimu mtu mwingine.

Huyo mtu mwingine ni Eliane.

Eliane ni binti wa Ancilla, mama wa Kirundi anayeuza maharage na dagaa katika soko la New Congo. Aliingia darasa la Mzee Byamungu akiwa na miaka kumi na tano. Alikuja kwa kudadisi tu, akabaki miaka minne. Walichora ramani kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Walipima njia kutoka Nakivale hadi Bukavu kwa rula ya shule. Byamungu aliwaambia wenzake wa kanisani, bila hata kushusha sauti, kwamba yule msichana ni bora kuliko yeye alipokuwa na umri huo.

Kisha ikaja barua. Shirika moja lilitangaza nafasi ya kusomea urubani kwa kijana mkimbizi. Nafasi moja. Kambi zote za kusini magharibi, nafasi moja. Mtihani utafanyika Mbarara, upande wa Kakiika, na kila mtahiniwa aje na vifaa vyake: kompyuta ya urubani ya mkono, na rula ya ramani za anga. Simu na vikokotoo marufuku.

Hapo kikatokea kituko. Kina mama wa kanisa walisoma neno kompyuta, wakashika vichwa. Ancilla aliuza mbuzi wake, wenzake wakachanga, wakamkabidhi Mzee Byamungu bahasha waende na Eliane mjini kununua kompyuta. Byamungu alijaribu kuwaeleza. "Mu Kifaransa, ordinateur ni ordinateur, na computeur ni computeur. Hii haina hata waya." Kina mama wakaitikia kwa heshima, na hakuna aliyeelewa.

Walipita Kaberebere, wakafika Kakoba, hapa mjini, kwenye duka la vifaa vya shule la bwana mmoja anayeitwa Ngabo. Eliane anasimulia jinsi Ngabo alivyosikia neno hilo hilo akakimbilia kabatini.

"Kompyuta iko mingi, sebo! Hii iko na chaji ya masaa sita."

"Ya kwangu haina chaji," Byamungu akamjibu.

"Sasa inafanya kazi na nini?"

"Na kidole."

Ngabo alimgeukia Eliane, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Huyu mzee wako iko sawa?"

Lakini Ngabo ni mfanyabiashara. Alipochorewa kifaa kwenye kipande cha boksi, alimpigia shemeji yake wa Entebbe, na baada ya wiki mbili akaita: vimefika. Sahani mbili, rula mbili. Njooni mchague.

Siku hiyo, wasikilizaji wapendwa, Byamungu alikuwa na furaha ambayo Adélaïde hakuwa ameiona tangu Bukavu. Alinyoa ndevu. Alivaa koti. Dukani alizishika zile sahani mbili kama mtu anayesalimia jamaa. Moja ilikuwa ya plastiki, nyingine ya bati.

"Eliane, sikia. Ya plastiki ni nyepesi, ni muzuri kwa kuanza. Lakini ukiiacha mbele ya kioo ya ndege saa moja mu jua, inajikunja sawa chapati. Na hapo duara haizunguke tena muzuri, na mafuta yako inakuwa ya bongo, ya uongo. Sasa zungusha hii ya chuma. Unasikia? Inakaza kidogo. Njo vile inapaswa. Ikiwa inateleza yenyewe, ndege ikitingishika namba inatoroka. Na hizi namba zimechongwa, hazitafutika na jasho." Wateja wengine waliacha kununua daftari, wakasikiliza. Ngabo naye alisikiliza. Sahani ya bati ilikuwa chaguo sahihi kabisa. Mpaka leo hakuna atakayesema vingine.

Ikabaki rula.

Tuelezane hapa, maana ndipo mambo yalipoharibika. Ramani za ndege hazina kipimo kimoja. Kuna ya moja kwa laki tano, na kuna ya moja kwa milioni. Rula nzuri ina vipimo vyote viwili, kimoja ukingo huu, kingine ukingo ule. Ukipima ramani ya milioni kwa kipimo cha laki tano, safari yote inakatika nusu. Maili mia na hamsini zinageuka sabini na tano. Utajaza mafuta ya nusu ya njia.

Pale mezani kulikuwa na rula nyembamba, laini, inayopinda. Na kulikuwa na nyingine nene, nzito, yenye kingo zilizochongwa kwa ustadi, kama ile aliyoiacha Bukavu. Byamungu alipitisha kidole gumba ukingo wa kwanza, akasikia mistari. Akapitisha ukingo wa pili, akasikia mistari.

"Njo hii," akasema. "Iko na vipimo mbili."

Eliane alikuwa amesimama karibu yake. Aliona. Ukingo wa kwanza, laki tano. Ukingo wa pili, laki tano.

"Mwalimu," alisema polepole, "naona ni laki tano pande zote."

Byamungu alikuwa amezungukwa na watu waliokuwa wakimtazama kama rubani, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Kama msichana yuko sahihi, basi wote hapa watajua kwamba haoni. Akapandisha sauti.

"Mutoto, mi nilishika rula mbele mama yako aolewe. Unataka kunifundisha mimi?"

Eliane akainamisha macho. "Nisamehe, Mwalimu."

Nyumbani kwa Ancilla, kama katika nyumba nyingi za Kirundi, mkubwa hakosolewi mara mbili. Hata hiyo mara moja ni nyingi. Eliane alijiambia labda kuna jambo Mwalimu analijua ambalo yeye bado hajafundishwa. Rula nene ikafungwa kwenye gazeti, wakaondoka.

Mtihani ulifika. Ramani waliyopewa Kakiika ilikuwa ya milioni. Eliane alipima kwa rula aliyochaguliwa na Mwalimu wake, akazungusha sahani, akaandika kwa wino: umbali, dakika, mafuta. Kila jibu la safari nusu ya ukweli. Msimamizi aliposema zimebaki dakika tano, ndipo ukingo wa ramani ulipomwonyesha alichokosea. Alikata, akaandika upya, akasahihisha safari moja kati ya nne. Kengele ikalia. Alama ya kupita ilikuwa sabini. Eliane alipata sitini na moja. Nafasi moja ile ilikwenda kwa mwingine.

Siku aliyorudi, Byamungu alikuwa anamsubiri njiani. Akamwuliza amekosea nini.

Eliane alimtazama usoni. Aliona macho yale yanatafuta sauti yake ilipo. Alielewa kwamba haoni. Akamwambia, "Nilikosea upepo, Mwalimu. Niliweka nukta chini pahali pa juu."

"Upepo!" Byamungu akapiga kofi paja lake. "Upepo tena! Nilikufundisha mara ngapi?"

Kwa hasira ya mapenzi, maana ilikuwa mapenzi, alilifanya kuwa somo. Kila Jumamosi: msiweke nukta kama Eliane. Vijana wakalipeleka sokoni. Eliane akapata jina. Upepo. Akipita na beseni la dagaa, watoto wanaita, Upepo! Mteja anachekelea, Upepo, nipimie maharage, na usikosee! Hata redio hii, katika kipindi cha salamu, iliwahi kumtumia salamu "Upepo wa New Congo," na tukacheka hewani. Eliane aliacha kwenda darasani. Ancilla alimwuliza kwa nini hajibu watu. Alisema tu, "Yatapita, Mama."

Hayakupita. Na shirika lile nalo, mwaka uliofuata, liliishiwa ufadhili, likafunga ofisi. Hakuna mtihani wa pili. Tunarudia ili ieleweke: hakuna mtihani wa pili.

Ilikuwa mwezi uliopita tu, mchana mmoja, Byamungu alikuwa mezani anaandaa zoezi. Macho hayakumpa tena hata kivuli cha namba. Rula nene ilikuwa kwake. Eliane alikuwa amemrudishia siku nyingi. Byamungu alichoka kuficha. Alimwita Adélaïde.

"Nisomee hapa, mutoto wangu. Ku ukingo."

"Moja kwa laki tano, Papa."

"Geuza."

"Moja kwa laki tano."

"Geuza muzuri. Upande ingine."

"Papa, nimegeuza. Ni sawasawa. Na weye, juu ya nini huone?"

Adélaïde anasema baba yake alivua miwani, akaiweka mezani, hakuigusa tena siku hiyo. Alimweleza yote. Daktari, miaka sita ya kujificha, na kile kidole gumba kilichopita kwenye rula dukani kwa Ngabo. Kisha akasema, "Nipeleke kwa Ancilla."

Walikwenda saa tisa mchana, soko likiwa limejaa. Adélaïde alimshika mkono. Ilikuwa mara ya kwanza Mzee Byamungu kuonekana ameshikwa mkono, na watu waliacha kupanga bei wakatazama. Ancilla alimpa kiti. Hakukaa.

"Mama Eliane, nimekuja kwa mutoto wako. Eliane, uko hapa?"

"Niko hapa, Mwalimu."

"Macho yangu ilikufa zamani. Mi nilificha. Nilichagua rula mubaya juu sikuone. Ile macho njo iliharibu mutihani yako."

Eliane alikuwa ameshika kikombe cha kupimia maharage. "Ya rula nilijua, Mwalimu."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu dukani. Niliona namba."

"Uliona! Na juu ya nini hukusema?"

Ancilla anasema binti yake alishusha sauti sana, kama mtu anayeogopa kuvunja kitu.

"Nilisema, Mwalimu. Nilisema mara moja."

Byamungu alisimama pale, mkono wake ndani ya mkono wa binti yake. Mwishowe alisema, "Basi haikuwa macho. Ilikuwa kinywa yangu."

Baadaye kidogo akauliza, "Na upepo?"

"Upepo niliuweka sawa. Maswali yote ya upepo nilipata."

Hapo mzee alilia. Alilia mbele ya mizani na magunia, mbele ya wateja, na hakujifunika uso. Alimwomba Eliane msamaha kwa Kiswahili, kisha kwa Kirundi kibovu alichookoteza kambini. Eliane alimsamehe. Lakini msamaha hauna nafasi ya masomo ndani yake, na wote wawili walilijua hilo.

Alikuwa amekusudia kusema mbele ya darasa Jumamosi iliyofuata. Ijumaa presha ikampanda. Hospitalini Mbarara, siku ya tatu, alimshika Adélaïde mkono akamwambia: "Mukinitangaza ku redio, musiseme tu nilirusha ndege. Museme na rula. Museme jina ya mutoto ile."

Kaka wa marehemu, mzee Bienvenu, alikataa katakata. Aliuliza ni familia gani inayomwanika marehemu wake hadharani. Kikao cha msiba kiligawanyika. Tunamwelewa mzee Bienvenu; maiti hana wa kumtetea. Lakini Adélaïde alikuja hapa Jumatatu, peke yake, akaweka rula juu ya meza ya studio. Ni kweli ni nene. Ni kweli ni nzuri. Laki tano, pande zote mbili.

Kwa mzee Bienvenu, kwa Adélaïde, na kwa ukoo wote wa Byamungu, Nakivale na Kabare: poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Mlikuwa na mtu mkubwa, na siku zake za mwisho alifanya jambo ambalo wakubwa wengi tunaliogopa. Kwa Ancilla, na kwako Eliane, poleni kwa kile ambacho hakuna salamu ya rambirambi inayokitaja. Redio hii inakuomba radhi kwa kicheko chetu.

Nanyi mnaosikiliza, wazazi, walimu, viongozi wa vijiji, na sisi wenye kipaza sauti: jioni hii jiulizeni ni nani nyumbani kwenu aliwaambia jambo mara moja, kwa sauti ndogo, mkamkata kauli. Huenda bado yumo ndani. Mwulizeni alikuwa anasema nini.

Sasa tunatimiza wosia. Eliane, binti wa Ancilla, hakukosea upepo. Eliane hakushindwa mtihani kwa kutojua. Rula ilichaguliwa na mwalimu wake, Byamungu, ambaye hakuona, na alipoambiwa hakutaka kusikia. Hayo ni maneno ya marehemu mwenyewe.

Kesho asubuhi atakuwa kwenye meza ya mama yake, soko la New Congo, anapima maharage. Ukifika kununua, msalimie kwa jina lake. Anaitwa Eliane.